Katlesi za kaa na bia: nani anakula faida Baltimore?

BALTIMORE, mji wa bandari katika jimbo la Maryland nchini Marekani, unatambulika kwa chakula kimoja kuliko vyote: katlesi ya kaa iliyokolezwa viungo, inayoliwa na bia baridi. Mgeni akishuka mjini humo huulizwa kama ameshaila kabla hajaulizwa safari ilikuwaje, na mwenyeji aliyehamia jimbo jingine huagiza apelekewe kwa ndege ndani ya barafu. Kwa mlaji huo ni mlo tu. Kwa mfanyabiashara ni hesabu, tena hesabu inayofaa kutazamwa na yeyote anayenunua na kuuza mazao ya bahari, kwani sahani hiyo moja imebeba bidhaa tatu zenye tabia tofauti kabisa sokoni.

Kaa ni ghali, ana msimu na huharibika upesi. Kiungo ni cha bei nafuu na hukaa kabatini mwaka mzima bila kulalamika. Bia ni rahisi, hupikwa popote penye maji na shayiri, na huuzwa kwa jina lake. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa hasara imekuwa ikiwaangukia wale wa bidhaa ya kwanza, wakati wenye majina ya hizo nyingine mbili wakilala usingizi.

Kaa na hesabu yake

Kaa anayezungumziwa si kaa koko wa mikokoni. Ni kaa wa bluu, mdogo kidogo, mwepesi wa kuogelea, ambaye mwaka 1896 mtaalamu Mary Rathbun alimpa jina la kisayansi Callinectes sapidus, lenye maana ya muogeleaji mzuri mwenye ladha. Ni nadra kwa wataalamu kutaja utamu kwenye jina la mnyama, na huenda Bi. Rathbun alikuwa amekwisha kula.

Nyumbani kwake ni ghuba ya Chesapeake, yenye urefu wa takriban kilomita 320, ambamo maji ya mito huchanganyika na maji ya bahari ya Atlantiki. Wavuvi humtega kwa madema ya waya, na ndani ya mito ya Maryland kwa kamba ndefu zilizofungwa chambo. Wakati wa baridi kaa hujifukia kwenye tope na kutulia, na hapo ndipo majimbo ya Maryland na Virginia yamekuwa yakimhesabu kila mwaka tangu 1990. Mwaka 1993 makadirio yalikuwa kaa milioni 852. Mwaka 2022 yalikuwa milioni 226, kiwango cha chini kuliko vyote tangu hesabu hiyo ianze. Mwaka 2025 yalifika milioni 238 tu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2008, serikali ya Marekani ilitangaza uvuvi wa kaa wa ghuba hiyo kuwa umepatwa na janga, na uvuvi wa majike ukapunguzwa kwa nguvu ya sheria.

Mfanyabiashara wa mahindi anajua maana ya mavuno kupanda na kushuka, lakini mahindi angalau huwekwa ghalani. Kaa hawekeki. Aliyekufa kabla ya kupikwa hutupwa, na aliyepikwa lazima achambuliwe haraka.

Uchambuzi ndio ulipo ugumu wa biashara hii. Katika kila ratili saba za kaa wa bluu hupatikana nyama ya ratili moja hivi, na wakati mwingine haifiki. Mashine nyingi zimejaribiwa, ila nyama ya daraja la juu ingali inatolewa kwa mkono na kisu kifupi, na mchambuaji hulipwa kwa uzito wa nyama aliyoitoa. Kila kaa ana mapande mawili tu makubwa, yaliyoshikilia miguu ya kuogelea, na mapande hayo ndiyo yenye bei ya juu kuliko yote. Yanayofuata ni mapande yaliyovunjika, kisha nyama laini ya mwilini. Ya mwisho kwa bei, ingawa kwa ladha wengi wangeitanguliza, ni nyama ya magando.

Zamani kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake Weusi wa mwambao wa mashariki wa Maryland. Katika mji wa Crisfield waliwahi kugoma mwaka 1938 wakidai malipo bora. Watoto na wajukuu wao walipopata kazi nyingine, wenye viwanda waligeukia wanawake kutoka Mexico wanaoingia kwa viza za kazi za msimu zijulikanazo kama H-2B. Viza hizo kisheria ni 66,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, nusu kwa kila nusu mwaka, nazo hugombewa pia na wenye hoteli, wakata nyasi na wajenzi. Hadi 2017 aliyewahi ndiye aliyepewa. Mwaka 2018 maombi yalizidi, ikachezwa bahati nasibu, na viwanda vya kaa vya Maryland vikapoteza karibu asilimia 40 ya wafanyakazi wao kwa mpigo. Kaa walikuwa majini, wavuvi walikuwa na madema, wanunuzi walikuwa na fedha, lakini meza za kuchambulia zilikuwa tupu. Mwekezaji mdogo anayedhani hatari ya biashara ya samaki iko baharini peke yake aukumbuke mwaka huo.

Nyama ya mbali, jina la karibu

Pengo hilo lilikuwa limekwisha anza kuzibwa na wengine. Familia ya Phillips, iliyoanza kazi ya kaa katika kisiwa cha Hoopers mwaka 1914 na kufungua mgahawa mji wa Ocean City mwaka 1956, ilikuta kwamba migahawa yake inahitaji nyama nyingi kuliko ghuba inavyotoa. Kuanzia mwaka 1990 hivi, Steve Phillips alikwenda Ufilipino, ambako kuna kaa wa jamii ya karibu anayeogelea vilevile, akaanzisha uchambuzi wa nyama huko, ikifungwa makoponi na kupashwa moto ili idumu kwa miezi kwenye baridi. Biashara ikaenea Indonesia na nchi nyingine za Asia. Kwa mwenye mgahawa ilikuwa nafuu kubwa: bei ya chini, ugavi wa mwaka mzima, na hakuna kungoja wavuvi wapate.

Nafuu hiyo ilileta kishawishi. Mwaka 2015 shirika la hifadhi ya bahari la Oceana lilipima vinasaba vya katlesi 90 zilizouzwa kwenye migahawa ya Maryland na mji wa Washington kwa madai kwamba ni za kaa wa huko, likakuta asilimia 38 si za kaa wa bluu. Mwaka 2018 mwenye kampuni moja ya Virginia alikiri mahakamani kwamba kampuni yake ilifunga upya nyama ya kaa kutoka nje, zaidi ya ratili 360,000, na kuiuza kama kaa wa Chesapeake. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo. Idara ya Maliasili ya Maryland ilikuwa imekwisha anzisha mwaka 2012 mpango uitwao True Blue, ambao mgahawa unaonunua kaa wa jimbo hilo hupewa alama ya kubandika mlangoni.

Jambo la kutazama hapa ni kwamba hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani. Tofauti ya bei kati ya kopo la Asia na kopo la Maryland ndiyo kipimo halisi cha thamani ya jina “Chesapeake”, na tofauti hiyo haina mmiliki mmoja wa kuilinda. Ni mali ya wavuvi wote, kwa maana hiyo si mali ya yeyote. Jambo hili litaonekana vizuri zaidi itakapofika zamu ya kiungo na bia.

Hesabu ya jikoni

Katlesi ya Baltimore haifanani na katlesi ya Mombasa au Unguja. Ya pwani ya Afrika Mashariki ni viazi vilivyopondwa, nyama ikawekwa ndani, kisha ikachovywa kwenye yai na kukaangwa. Ya Baltimore haina kiazi. Kanuni ya wapishi wa huko ni kwamba kinachoshikanisha kiwe kidogo kiasi cha mlaji kutojua kama kipo, na mpishi anayejaza chenga za mkate huhesabiwa kuwa mwizi hata kama hajavunja sheria yoyote.

Kwa ratili moja ya nyama iliyochambuliwa, yaani gramu 454, huwekwa yai moja, vijiko vinne vya mezani vya mayonezi, kijiko kimoja cha chai cha haradali, matone ya sosi ya Worcestershire, maji ya nusu limau na vijiko viwili vya chai vya kiungo cha kaa. Hivyo huchanganywa kwanza peke yake kwenye bakuli. Chumvi haiongezwi, kwa sababu kiungo chenyewe kina chumvi ya kutosha, na kosa hili huharibu katlesi nyingi za wanaojifunza. Kisha huingia biskuti za chumvi zilizopondwa, nusu kikombe au pungufu, na majani machache ya pasli yaliyokatwakatwa. Nyama huja mwisho. Hupekuliwa taratibu kwa vidole ili kutoa vipande vya gamba, halafu hugeuzwa ndani ya mchanganyiko kwa mkono mwepesi, bila kukandwa. Anayekanda amenunua mapande makubwa kwa bei ya juu na kuyageuza kuwa nyama ya daraja la chini kwa mikono yake mwenyewe.

Mchanganyiko hugawanywa katika viduara vinne vinene na kuwekwa kwenye friji saa moja au zaidi. Saa hiyo si ya mapambo. Biskuti hunywa maji, yai hushika, na katlesi haimeguki ikifika kwenye moto. Hapo mpishi huchagua: ama kuioka chini ya moto wa juu kwa dakika 10 hadi 12 hadi iwe na rangi ya dhahabu, ama kuikaanga kwa siagi iliyochanganywa na mafuta kidogo, dakika nne au tano kila upande. Migahawa mingi ya huko hupendelea kuoka, kwani haihitaji kugeuzwa na mapande hubaki mazima. Hata hivyo iliyokaangwa ina ukoko, na ukoko ndio unaoita bia.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu, tukijua kwamba bei hubadilika kila wiki. Tuseme nyama imenunuliwa kwa dola 40 kwa ratili. Vitu vingine vyote, kuanzia yai hadi kiungo, havifiki dola nne. Zaidi ya tisa ya kumi ya gharama ya malighafi ni kaa. Katlesi nne zikiuzwa dola 20 kila moja, mapato ni dola 80 na malighafi ni 44, yaani asilimia 55. Mwenye mgahawa wa kawaida hutaka chakula kisizidi theluthi moja ya bei yake, maana bado hajalipa mpishi, kodi ya pango, umeme na vyombo vilivyovunjika.

Njia ya wizi iko wazi: ondoa robo ya nyama, weka chenga za mkate, na dola 10 karibu zote zimebaki mfukoni. Njia halali ni kuchanganya madaraja, nusu mapande makubwa kwa ajili ya macho na nusu nyama ya mwilini au ya magando kwa ajili ya ladha. Duka la Faidley, lililoanza mwaka 1886 na kujulikana kwa katlesi zake katika soko la Lexington mjini Baltimore, lilijijengea sifa kwa mapande makubwa na biskuti za chumvi, na wateja wamezoea kulipa zaidi kwa sababu hiyo. Asiye na sifa ya namna hiyo hana budi kutafuta faida pengine.

Kwa nini bia

Pengine hapo ni kwenye chupa. Tuendelee na mfano uleule. Kopo la bia nyepesi linalonunuliwa kwa dola moja na kuuzwa kwa dola nne huacha dola tatu. Wateja wanne wa katlesi, kila mmoja akinywa makopo mawili, wameacha dola 24 bila mpishi kuwasha jiko. Katlesi imemleta mteja na kiungo kimemtia kiu, lakini kilicholipa pango ni bia. Wenye baa wa Marekani waliijua hesabu hiyo tangu karne ya 19, walipokuwa wakitoa vyakula vya chumvi bure kwa anayenunua kinywaji. Baltimore kwenyewe inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930, kaa walipokuwa tele, baadhi ya baa ziliwagawa karibu bure, wakiwa wamemwagiwa viungo vikali.

Lakini uhusiano huo si ujanja wa wenye baa peke yao. Una sababu mdomoni. Nyama ya kaa ina utamu mwepesi unaozidiwa kwa urahisi. Mayonezi na siagi hufunika ulimi, chumvi ya seleri hukausha kinywa, pilipili huacha moto. Bia nyepesi ya aina ya lager, ikiwa baridi, huleta gesi ya kusafisha mafuta na utamu mdogo wa shayiri unaokaa sawa na utamu wa kaa, bila uchungu wa kugombana na pilipili. Kwa katlesi iliyokaangwa, bia ya aina ya pilsner yenye uchungu kidogo hufaa zaidi, kwani uchungu huo hukata mafuta. Kwa iliyookwa, yenye mapande makubwa na viungo vichache, bia ya ngano ya mtindo wa Ubelgiji, inayotiwa mbegu za giligilani na maganda ya chungwa, hufanya kazi ambayo limau lingeifanya.

Za kukwepa ni zile bia zenye hopsi nyingi zinazopendwa na vijana wa mijini. Uchungu wake ukikutana na pilipili huukoleza moto, na kaa hapotei tu kwenye sahani, hupotea na kwenye bili, maana mlaji hakumbuki tena alicholipia. Bia nyeusi zina sifa yake kwenye chaza. Kwenye katlesi ya kaa ladha yake ya kuungua ni kubwa mno. Na kwa mwenye mgahawa, bia nyepesi ina faida moja zaidi isiyoandikwa kwenye vitabu vya mapishi: mteja anaweza kunywa ya pili.

Bia hutumika hata kabla ya kufika mezani. Kaa wazima wa Maryland hupikwa kwa mvuke wa siki na bia, wakiwa wamefunikwa viungo, kisha humwagwa juu ya meza iliyotandikwa karatasi ya kaki na kuvunjwa kwa vinyundo vya mbao.

Wenye majina

Kiungo kinachotajwa zaidi ni Old Bay, kilicho ndani ya kopo la rangi ya manjano na bluu. Mwanzilishi wake, Gustav Brunn, alikuwa mfanyabiashara wa viungo Myahudi nchini Ujerumani. Alikamatwa na serikali ya Hitler mwaka 1938, akapelekwa kambi ya Buchenwald, na alipoachiwa alikimbilia Baltimore na mashine ndogo ya kusagia viungo. Mwaka 1939 alifungua kampuni yake karibu na soko la jumla la samaki, akawatazama wauzaji wa kaa wakinunua viungo vyao kimoja kimoja, akawauzia vyote vikiwa vimechanganywa tayari. Jina alilolitoa kwenye kampuni ya meli zilizokuwa zikienda Norfolk. Ni mwaka huohuo wa 1939 ambapo kitabu cha mapishi cha Maonyesho ya Dunia ya New York kilichapisha katlesi za kaa kwa jina la Baltimore.

Kampuni ya McCormick, nayo ya Maryland, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilinunua Old Bay mwaka 1990. Kopo linataja chumvi ya seleri, pilipili nyekundu, pilipili manga na paprika. Vingine ni siri. Wanaojaribu kukiiga nyumbani hutia pia haradali ya unga, basibasi, karafuu, iliki, tangawizi na mdalasini, yaani karibu kila kitu kinachouzwa Darajani. Mwaka 2014 kiwanda cha bia cha Flying Dog, cha mji wa Frederick, kilitoa bia ya majira ya joto yenye kiungo hicho ndani yake, iitwayo Dead Rise. Januari 2020 McCormick ilitoa sosi ya pilipili ya Old Bay, na iliyowekwa kuuzwa kwa mtandao ikaisha ndani ya saa moja. Miaka hiyo kaa walikuwa wakipanda na kushuka. Kiungo kilipanda tu.

Mwenye kutafuta hisa asikurupuke. Hisa za McCormick huuzwa soko la New York kwa herufi MKC, na kampuni imelipa gawio kila mwaka tangu 1925, lakini anayezinunua hanunui kaa, na Old Bay ni sehemu ndogo ya mali yake. Ananunua pilipili manga, vanila na mengine mengi, pamoja na haradali ya French's, iliyopatikana mwaka 2017 katika ununuzi wa dola bilioni 4.2 kutoka kampuni ya Reckitt Benckiser. Kwa hiyo katlesi moja inaweza kuiuzia McCormick kiungo na haradali, bila kampuni hiyo kumiliki dema hata moja. Ni haki kusema pia kwamba migahawa mingi ya kaa wa mvuke haitumii Old Bay. Hununua kwa magunia kutoka J.O. Spice, kampuni ya eneo hilo tangu 1945, ambayo mgeni hajawahi kuisikia. Mwenye kopo ameuza jina, mwenye gunia ameuza ujazo, na wote wawili wamepata.

Kwenye bia hadithi ni kali zaidi. Bia ya nyumbani Baltimore ni National Bohemian, iliyopikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885, yenye picha ya bwana mwenye jicho moja na masharubu. Wenyeji huiita Natty Boh. Kampuni iliyoipika iliungana na Carling mwaka 1975, ikanunuliwa na Heileman mwaka 1979, ikaangukia kwa Stroh mwaka 1996, na jina likafika kwa Pabst mwaka 1999. Katika mabadiliko hayo viwanda vya Baltimore vilifungwa na bia ikahamia nje ya Maryland. Bwana wa jicho moja yuko bado juu ya jengo la kiwanda cha zamani, akiwaka kwa taa usiku, na watu wa mji wamebaki kuwa wateja wake wakuu. Wapishi wa bia walipoteza kazi, jina halikupoteza mnywaji. Flying Dog nayo iliuzwa mwaka 2023 kwa kampuni ya F.X. Matt ya jimbo la New York, na upishi ukaondoka Frederick.

Upande huu wa bahari

Pwani ya Tanzania na Kenya inauza kaa koko, wengi wao wakisafirishwa wazima kwenda Asia. Kaa huyo ni mzito, ana magando makubwa, na humpa mchambuaji nyama nyingi kwa kila kilo kuliko kaa wa bluu. Akichemshwa dakika 15 hadi 20 kwa ukubwa wa kawaida na nyama yake kutolewa kwa uangalifu, hutoa katlesi nzuri kwa vipimo vilevile vya Baltimore, ingawa nyama yake ina nyuzi zaidi. Mwenye kuuza kaa mzima hubeba hatari zote zilizotajwa hapo juu, kuanzia kifo njiani hadi bei ya uwanja wa ndege, na jina lake halifiki mezani kwa mlaji.

Wako waliochukua njia nyingine. Dabaso, kwenye hori la Mida karibu na Watamu nchini Kenya, kikundi cha wanakijiji wanaotunza mikoko huendesha mgahawa uliojengwa kwa mbao juu ya maji, na kinachowavuta wageni ni sambusa za kaa. Unga wa sambusa ni rahisi kuliko biskuti za Marekani, na kaa kidogo hutosha sambusa nyingi bila mtu kumwita mpishi mwizi, kwa sababu hakuna anayetazamia sambusa iwe nyama tupu. Kwa hesabu ya malighafi, sambusa inaishinda katlesi.

Upande wa kinywaji, bia nyepesi za eneo hili kama Kilimanjaro au Tusker zinakaa vizuri na chakula hiki, ila mwenye mgahawa wa pwani asisahau kwamba wateja wake wengi hawanywi pombe. Soda ya tangawizi hufanya sehemu kubwa ya kazi ileile ya gesi na ubaridi, na faida yake kwa chupa si haba. Kwa mwekezaji, Kampuni ya Bia Tanzania iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, ikiwa ya pili kuorodheshwa. Kampuni ya kaa hadi leo ni vigumu kuipata kwenye orodha ya soko lolote.

Mfanyabiashara atakayepita Baltimore asiagize Julai, wakati watalii wamejaa na bei iko juu. Kaa hunenepa Septemba na Oktoba kabla ya kujifukia, watoto wamerudi shule na migahawa ina nafasi. Amuulize mhudumu nyama imetoka ghuba gani, atazame mlango kama una alama ya True Blue, na aombe bia katika kopo.